Betri Iliyonuka Mawese

Majina yao wote ninayo. La fundi, la mkunga, la jirani aliyetuuzia ile betri, hata la askari mkubwa, maana mwenziwe alimwita mbele yangu. Sitayaandika. Miaka ile ya vita jina ndilo ulilokuwa ukiulizwa kwenye bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, na ukishalitaja, mwenye bunduki alishajua akufanye nini. Basi nikazoea kukaa na majina ya watu kimya, nayo yametulia humohumo mpaka leo.

Sisi wa mtaa wa Buyenzi vita tulianza kuvijua kwa giza. Nguzo za umeme ziliangushwa huko milimani, mji mzima ukazimika na kukaa hivyo siku nyingi. Kisha mipaka ikafungwa, mafuta ya taa yakapotea madukani. Mshumaa ukiupata, ulikuonyesha uso wa mtu na basi. Jioni, hata jua halijamaliza kushuka nyuma ya milima ya Kongo, kila mtu keshajifungia ndani, maana ndiyo ilikuwa amri, na aliyekutwa njiani hakuwa na wa kumsemea. Risasi zilianza saa hizo. Tulilala sakafuni, chini ya usawa wa dirisha, tukiambiana kwamba risasi inapita juu. Hakuna aliyejua kama ni kweli. Tuliambiana tu.

Nilikuwa naishi na binti yangu. Mume wangu alikwisha fariki kabla ya vita. Mkwe wangu alikuwa baharia kwenye meli za mizigo zinazotoka bandarini kwetu kwenda Kigoma, na mipaka ilipofungwa ilimkuta upande wa pili. Binti alikuwa mjamzito. Kila nikilitazama lile tumbo, badala ya kufurahi, niliogopa.

Mimba yake ya kwanza aliizalia gizani, ndani ya nyumba hiihii, risasi zikilia nje. Mtoto hakulia. Sisi wanawake wote tukawa juu ya mtoto, tunampuliza, tunampigapiga mgongo, na mama yake kalala nyuma yetu kimya, tukadhani anapumzika. Mtoto hatukumpata. Tulipogeuka kumpapasa mama yake ndipo tukakuta godoro limelowa chapachapa. Gizani damu haina rangi, unaweza kudhani ni maji. Alipona, sijui alivyopona. Lakini mkunga, bibi jirani yetu ambaye nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, aliniambia waziwazi:

"Safari ingine usiniite bila taa. Mikono yangu inasikia maji, inasikia moto. Rangi haisikii."

Kwa hiyo nilichokuwa nakitafuta ni kitu kimoja tu: mwanga wa kuiona damu ya binti yangu kabla haijaisha.

Mkwe wangu, safari yake ya mwisho, alikuwa ametuletea kutoka Kigoma ile sahani ya kupokea umeme wa jua, huku watu wanaiita plaki, na taa mbili ndogo. Betri alisema ataleta safari nyingine. Safari nyingine haikuja. Plaki tuliiegemeza kwenye ukuta wa uani mchana na kuiingiza ndani jioni, maana juu ya bati ingemulika mpaka milimani, na huko milimani hatukutaka mtu atuone.

Mimi nilikuwa nauza mandazi na chai kwenye magereji, kwa hiyo mafundi wote walikuwa wateja wangu. Nikamwendea mmoja ambaye kazi yake ilikuwa betri tu. Mikono yake ilikuwa na mabaka ya asidi mpaka kwenye viwiko.

"Mama, unataka betri ya kuwasha gari ao ya kuwasha nyumba?"

"Moto si ni moto?"

"Apana, mama. Betri ya gari ni kama mutu wa hasira. Anapiga ngumi moja, injini inawaka, yeye anapumuzika. Ukimubebesha muzigo mudogomudogo mpaka asubui, anakufa."

"Na ya lori?"

"Ya lori ni hasira ileile, lakini mutu mukubwa. Huyo atavumilia kidogo."

Alinipangia kadhaa chini. Akafungua vifuniko, akanionyesha maji na vile vibati vilivyosimama ndani. Vingine vilikuwa vimeota ukungu mweupe, vingine vimepinda. Mimi nilichagua kama ninavyochagua kuku wa mayai: nikaibeba, nikaipima uzito, nikaitikisa na kutega sikio.

"Mama, usitikise!" wakapiga kelele wale wengine. "Hiyo haitagi!"

Nikacheka nao. Pale gereji mchana watu walicheka sana. Ilikuwa kama kila mtu anataka kumaliza kicheko chake kabla ya jioni.

Nilikuwa sijaamua, ndipo jirani yangu mmoja, mtu aliyekuwa akitoa mizigo ya wafanyabiashara bandarini, akaniita stooni kwake. Alifunua gunia. Chini yake palikuwa na betri ya kijivu, nzito, safi kama sahani ya Idi. Haina vifuniko. Haina maji ya kuongeza.

"Hii ndiyo yenyewe," akanong'ona. "Haichemki, haivuji, haitoi moshi. Unaweza kuilaza hata na mutoto kitandani. Ilitoka Kinanira, kwenye nyumba ya wakubwa waliokimbia."

Ubavuni ilikuwa imepakwa maandishi meupe. Mimi nilisoma chuo cha Kurani tu. Hizi herufi nyingine nilijifunza baadaye sana, ukubwani. Nikamwita binti aje anisomee. Alisoma bila kutoa sauti, halafu akairudishia gunia.

"Ni ya ofisi, mama. Si ya mutu."

Ilitosha. Askari walikuwa wakizunguka mtaa alfajiri, wanaingia nyumba hadi nyumba. Kijana mmoja wa nyuma ya msikiti walimkuta na redio yenye maandishi ya namna hiyo. Walimtoa nje ameibeba redio kichwani. Redio ilikuja kuonekana tena sokoni. Yeye hakuonekana.

"Tukikutwa nayo," binti akasema njiani, "watatumaliza kabla huyu hajatoka tumboni."

Basi nikachukua ya lori. Niliona afadhali betri yenye hasira kuliko betri yenye maandishi.

Nyumba yetu ilikuwa na chumba cha ndani ambacho ukuta wake mmoja tu ulitazama nje, upande wa milima. Dirisha lake tulilijaza magunia ya mchanga mpaka juu. Humo ndimo tulimokimbilia kukiwa na vita vikali, humo ndimo binti angezaa na kukaa arobaini yake, na humo ndimo tulimoweka betri, waya ukipita chini ya mlango kuifuata plaki uani. Kila kitu cha thamani kilikaa chumba kile. Fundi alipokuja kufunga waya alitazama yale magunia akakuna kichwa.

"Hii ikishiba itachemka, mama. Inatoa upepo mubaya. Mufungue dirisha."

"Dirisha gani, mwanangu? Nifungue risasi ije kupima maji ya betri?"

Alicheka, nami nikacheka, akaenda zake.

Taa iliwaka kweli. Ilikuwa nyeupe, ndogo, na binti aliitazama mpaka machozi yakamtoka. Mchana, jua likiwa kali, betri ilibubujika kama sufuria ya maharage, na chumba kilikuwa na harufu ya mayai yaliyooza. Tuliizoea.

Siku za kuzaa zilipokaribia nikafanya kama mama yangu alivyofanya na bibi yangu alivyofanya. Chumba cha mzazi lazima kifukizwe udi kabla, na mbabura, lile jiko la makaa, iwekwe chini ya kitanda, mama apate joto la kukaza mwili. Adhuhuri moja, binti akiwa uani anachambua mchele, nilibeba mbabura yangu yenye makaa mekundu na udi juu yake, nikasukuma mlango kwa kiwiko.

Sikumbuki sauti. Nakumbuka nimekaa chini kwenye ujia, masikio yananguruma, na makaa yametapakaa mbele yangu. Kisha nikasikia ukimya. Mtaa mzima ulikuwa umelala chini. Gereji nyundo zilinyamaza. Jirani zetu walikuwa wamejitupa kwenye mtaro, na mtu mmoja akawa anatoa shahada kwa sauti kubwa, akingoja bomu la pili.

Binti alikuja akitambaa kwa magoti na tumbo lile.

"Mama! Imekuingia wapi?"

Haikuniingia popote. Mgongo wa betri ulikuwa umepasuka, na maji yake yamerukia ukuta na kitenge changu. Kile kitenge nilipokifua kilitoka matundu matupu kama chekeche. Fundi alifika mbio, akaona betri, akaona makaa, akashika mdomo.

"Mama, uliingiza moto? Upepo wake unashika moto, huo!"

"We ulisema upepo mubaya. Hukusema unalipuka."

"Nilisema mufungue dirisha!"

Tulisimama pale tunabishana kama watoto. Tulijua askari wa bariyeri wamesikia. Jioni ile tulikaa tukingoja hatua zao. Hawakuja. Sijui kwa nini hawakuja, na hilo nalo lilinitisha.

Betri ilikwisha, na binti hakuwa na siku nyingi. Gereji hapakuwa na nyingine ya lori iliyo hai. Na hata ingekuwepo, ningeiweka wapi? Nje ingeibwa, ndani ingetuua. Niliwaza bila kupata njia, kisha nikaenda kwa jirani yangu wa stoo bila kumwambia binti.

Aliileta ile ya kijivu kwenye kikapu, chini ya unga wa muhogo. Mimi nikachukua masizi ya sufuria, nikayakoroga na mawese, nikayapaka yale maandishi meupe mpaka yakapotea. Kuyakwangua niliogopa, mkwanguo unasema zaidi kuliko maandishi. Betri ikawa nyeusi, inang'aa, kama sufuria ya zamani. Nikaisukuma chini ya kitanda. Binti aliiona siku hiyohiyo. Akasema tu, "Sawa, mama."

Uchungu ulimshika alasiri, namshukuru Mungu, kabla ya saa ya kujifungia. Mkunga alifika na kikoba chake, akanyoosha kidole kwenye taa.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Hapo sasa tunaongea."

Mtoto alitoka magharibi, msichana, akapiga kelele ambayo sijawahi kusikia nzuri kama hiyo. Nikamkumbatia. Mkunga hakumtazama mtoto hata kidogo. Alikuwa ameinama na taa mkononi, anatazama shuka. Nikaona uso wake umebadilika, nami nikatazama. Nyekundu ilikuwa inatembea. Polepole, bila kelele, inapanuka kama mafuta kwenye karatasi.

"Lete mutoto kwenye ziwa. Haraka. We, mama wa mutoto, usilale! Unisemeshe!"

Akaanza kulikanda tumbo kwa ngumi, kama mtu anakanda unga, na mimi nimeshika mtoto kwenye ziwa la mama yake kwa mkono mmoja na taa kwa mkono mwingine. Mkono ulikufa ganzi. Sikuthubutu kuubadilisha. Damu ilipungua, ikarudi, ikapungua, usiku kucha. Betri ya ofisi haikupepesa hata mara moja.

Kulipoanza kupambazuka walikuja.

Tulisikia kwanza mbwa, halafu malori, halafu milango ya jirani ikipigwa kwa kitako cha bunduki. Binti hangeweza kuinuliwa. Mkunga alisema ukimwinua anamwagika. Basi tukangoja humohumo. Waliingia wawili, mmoja mtu mzima, mmoja kijana. Nilisimama mlangoni mwa chumba.

"Humu kuna mzazi, wanangu. Mwanaume haingii."

Yule mkubwa alinisogeza kwa mkono, si kwa nguvu, kama unavyosogeza pazia. Akaiona taa.

"Mji mzima giza, ninyi mna umeme?"

"Wa jua, baba. Wa kuzalia."

"Mwanaume wa nyumba hii yuko wapi?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari umeanza kusema yuko ng'ambo, na ng'ambo siku zile ndiko walikosema adui anatoka. Binti akanitangulia, kutoka kitandani, kwa sauti nyembamba:

"Alikufa."

Niliogopa neno lile lisije likavuka ziwa likamkuta kweli.

Kijana alikuwa amepiga magoti, anavuta waya kutoka chini ya kitanda. Betri ikatoka. Akainusa, akamwita mkubwa wake kwa jina.

"Inanuka mawese!"

"Mukecuru," mkubwa akaniambia, yaani bibi kizee, "ulitaka kuikaanga?"

Kijana alicheka. Sisi hatukucheka. Mkubwa akainama, akapitisha kidole gumba ubavuni, na chini ya masizi maandishi yakatokea meupe, moja baada ya jingine. Alisoma mpaka mwisho. Akafuta kidole kwenye suruali.

"Aliyekuuzia anaitwa nani?"

Jina lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. La kwake, la baba yake, la babu yake aliyekuja Buyenzi na biashara ya chumvi. Mtaa mzima unajua kwamba mimi jina halinipotei. Watu waliniita kwenye misiba niwakumbushe ukoo.

"Simjui, baba. Nimezeeka. Majina yananitoroka."

Mkunga aliinamisha uso. Askari akanitazama. Bunduki ilikuwa begani kwake, mdomo wake unatazama chini, na mimi nilikuwa natazama ule mdomo, siwezi kutazama kwingine. Ndipo mkunga akasema, bila kuinua kichwa:

"Mwanangu, umesimama kwenye mwanga wangu. Huyu anatoka damu. Ukitaka kutupiga, tupige, lakini sogea kwanza."

Na yeye akasogea. Alisogea hatua moja, kama mtoto aliyekemewa. Akatazama shuka, akatazama mtoto, kisha akageukia ukuta.

"Beba betri. Twende."

Kijana aling'oa waya. Giza likatuangukia.

Tulisikia hatua zao zikitoka, na mlango wa jirani ukipigwa. Mtaa ulikuwa umezungukwa; hakuna wa kumpeleka mtu hospitali. Na huko milimani risasi zilikuwa zimeanza kujibizana.

"Sioni," mkunga akasema gizani. "Nasikia majimaji mkononi, sijui ni nini. Sioni."

Yalikuwa maneno ya mimba ya kwanza, yamerudi. Nikasimama kwenye dirisha na kuanza kuyang'oa magunia. Mimi ambaye sikuwahi kupita mbele ya dirisha lile bila kuinama, nilisimama wima, nikavuta la juu likaanguka, nikavuta la pili. Mchanga ukanijaa machoni. Kila mlio wa huko mlimani niliusikia kama unaniita. Binti akasema, "Mama, inama," nikamwambia, "Nyamaza, we." Nilipolitoa la mwisho nikavuta ubao wa dirisha, na asubuhi ikaingia chumbani, ya kijivu, tele, mpaka kwenye shuka.

"Damu," mkunga akasema. "Haya. Naiona." Na mikono yake ikarudi kazini.

Nilibaki nimesimama dirishani, nimenyoosha mikono, nadhani nilitaka mwili wangu uwe gunia lisilozuia mwanga. Sikumbuki nilisoma dua gani. Jua lilipofika kwenye ukuta, mkunga aliketi chini, akanyoosha miguu, akaomba chai yenye sukari nyingi. Binti naye akasema anataka uji. Nikaenda uani kukoka moto.

Askari walipoondoka mtaani, jirani yangu wa stoo alikuja uani. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nimesema mi nasahau majina."

Alianza kucheka, akacheka mpaka akaketi kwenye kinu, na nikaona anacheka huku analia.

Jioni niliyarudisha magunia, maana vita havikuwa vimekwisha. Asubuhi niliyatoa tena, mkunga apate kuona. Nilifanya hivyo mpaka arobaini ikatimia, na kila nilipoyatoa niliogopa upya. Sikuzoea hata siku moja.

Mipaka ilipofunguliwa mkwe wangu alirudi na meli ya mizigo. Alitokea mlangoni na betri mpya begani, jasho linamtiririka. Mke wake alimtazama, mtoto kiunoni.

"Karibu, marehemu," akamwambia.

Yeye hakuelewa, akacheka tu. Mimi nilimwambia aitue betri chini kwanza. Nikaizunguka, nikaigeuza upande huu na upande huu, nikaipapasa yote kwa viganja, kutafuta maandishi. Halafu nikamwonyesha mahali pa kuiweka, nje, chini ya upenu wa uani, penye hewa.